Mzigo wa Mwandishi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuandika riwaya. Wengi hudhani kazi hiyo huchosha mkono na macho tu. Leo nitasema juu ya moyo.

Miaka michache iliyopita nilianza riwaya ya bibi mmoja wa Kilimanjaro anayeona mfereji wa ukoo wake ukikauka. Nilisoma kwamba mwaka 1912 barafu ya mlima ilienea kilomita za mraba 12 hivi, na kwamba kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Kila usiku nilimtesa bibi yule kwa kiu, kisha mimi nikakosa usingizi. Nikawa mkali kwa watoto. Mwishowe niliacha kuandika, nikaona haya kumwambia mtu: mzee mzima anamlilia mtu wa kubuni!

Lakini ukame haukuwa wa kubuni. Anayeandika juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi anaandika msiba usio na siku ya kuanua matanga. Kim Stanley Robinson wa Marekani alianza riwaya yake ya mwaka 2020, The Ministry for the Future, kwa joto linaloua watu wa mji mmoja wa India. Sura kama ile msomaji huipitia mara moja. Mwandishi huishi nayo miezi.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa bweni, naye yumo humu ukumbini. Hakunipa mawaidha. Alinichukua tukasafishe mfereji pamoja na wanakijiji. Huko mzee mmoja alinisahihisha: maji yale hutoka zaidi kwenye mvua ya msituni kuliko kwenye barafu. Wataalamu nao husema hivyo. Barafu siwezi kuirudisha, ila msitu waweza kulindwa. Nikarudi mezani, nikamtafutia bibi yangu majirani wenye majembe. Bado ana huzuni, lakini hayuko peke yake. Nami kadhalika.

Vijana, andikeni mambo mazito, ila msijifungie nayo chumbani. Nanyi wenzangu, mkimwona rafiki mwandishi amenyamaza, msimwulize kitabu kitatoka lini. Mwulizeni amelalaje.