Mwanasheria wa Bara na Sheria ya Bahari

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Kitete, Tabora)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mwanasheria katika Serikali na katika mambo ya nchi za nje. Asubuhi hii vijana wawili wameniambia kuwa wanataka kusoma sheria ili wafungue ofisi mjini na kuvaa tai. Si vibaya. Lakini mimi nitawapa habari za Jaji Joseph Sinde Warioba.

Alizaliwa Bunda mwaka 1940, akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, akaajiriwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Baadaye alikuwa mwanasheria wa Jiji, na mwaka 1971 akaingia Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwezi Desemba 1973 Umoja wa Mataifa ulianza mkutano wa kuandika sheria mpya ya bahari. Ulichukua miaka tisa. Wakubwa walitaka bahari ibaki wazi kwa mwenye meli kubwa na nyavu ndefu. Nchi changa zilitaka samaki na madini yaliyo mbele ya pwani zao yawe yao. Wafilipino, wenye visiwa zaidi ya 7,000, walikuwa na mwanasheria wao, Arturo Tolentino, aliyedai kwamba maji yaliyo kati ya visiwa yahesabiwe kuwa sehemu ya nchi. Ujumbe wa Tanzania uliongozwa na Warioba, mtu wa Bunda, ambako maji makubwa ni ya ziwa.

Mtauliza, bahari inatuhusu nini sisi wa Tabora? Marehemu baba yangu alifanya kazi ya reli hapa, na utotoni nilihesabu mabehewa ya mizigo ya Burundi yakielekea Kigoma. Kabla ya reli, mizigo ilipita hapa hapa vichwani mwa wapagazi, na kila mtemi alidai hongo yake. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe njia ya Ujiji ilifungwa, na hakukuwa na wa kumshitakia. Basi Mkataba uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982 una sehemu nzima, ya kumi, inayozipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini kwa kupita nchi za jirani, kwa masharti ya kupatana. Mpitishaji ni sisi. Kwa hiyo tulikuwa na mambo mawili mkononi: kudai maili 200 za bahari kwa ajili yetu, na kukubali wajibu kwa jirani. Kudai ni rahisi kuliko kukubali, kama ajuavyo kila mwenye shamba lililo njiani.

Mwaka 1983 aliteuliwa mwenyekiti wa Tume ya Matayarisho iliyokutana Kingston kuandaa vyombo vya Mkataba huo. Nyumbani, wakati huo huo, alikuwa Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Sheria; na kuanzia 1985 hadi 1990 alikuwa Waziri Mkuu. Sheria yetu ya maili 200 ilipitishwa mwaka 1989, yeye akiwa bado katika kiti hicho.

Mwaka 1996 alichaguliwa kuwa mmoja wa majaji 21 wa kwanza wa Mahakama ya Sheria ya Bahari, Hamburg. Sikilizeni kesi moja. Meli iitwayo Saiga ilikamatwa na Guinea mwezi Oktoba 1997 kwa kuziuzia mafuta meli za uvuvi. Saint Vincent, yenye bendera ile, ikashitaki. Julai 1999 majaji 18 waliipa ushindi. Wawili walikataa: Ndiaye wa Senegal na Warioba. Hoja yao ni ya karani mzuri: cheti cha muda cha usajili wa meli kilikuwa kimekwisha siku ilipokamatwa. Kumi na wanane hawakuona kuwa hilo linatosha. Mimi naona walikuwa na haki ya kusikilizwa, lakini mimi si jaji.

Sasa nafika penye ugumu, na nipo Tabora. Mwaka 2012 alipewa kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Rasimu yake ilipendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la mwaka 2014, chini ya mwanasheria mwenzake, marehemu Samuel Sitta, mwana wa Urambo, likarudisha mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, haijapigwa. Wazee wetu hapa bado wanabishana, na chai ikichelewa leo watabishana tena. Nawaombeni vijana msome rasimu zote mbili kabla ya kuchagua upande. Wengi wanaopiga kelele hawakusoma hata moja.

Nimekuja na nakala ya Mkataba wa Bahari, vifungu 320, naikabidhi kwa mkutubi. Kidato cha nne waanze na sehemu ya kumi. Ndugu Mwenyekiti, nasubiri maswali.