Israfu Isiyoonekana kwa Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema zake zisizo idadi, na tunamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Katika Suratul Israa Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu na kuwahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Tusikiapo neno hilo, twakumbuka chakula kinachomwagwa baada ya karamu. Leo twataka kukumbushana israfu nyingine, nayo imo ndani ya masanduku ya barua pepe.

Hapa petu Nyantakara wamo walimu, watendaji na wanafunzi wanaotumia barua hizo. Barua pepe haikai hewani. Inakaa katika mashine ziwakazo usiku na mchana, zinazokula umeme na kuhitaji kupozwa. Taarifa yenye picha, ya megabaiti 10, ikipelekwa kwa watu 40, na kila sanduku likaweka nakala yake, imekwisha kula megabaiti 400. Akitokea mmoja akaisambaza tena kwa wote, zimekuwa 800. Na pengine waliohusika hasa ni watatu tu! Laiti ingewekwa mahali pamoja, wenye haja wakaelekezwa pa kuisoma, 10 zile zingetosha.

Atasema msemaji: "Nafasi ni ya bure." Naam, Google humpa mtu gigabaiti 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo ni moja kwa barua, picha na mafaili yake yote. Ikijaa, barua mpya huweza kurudishwa kwa mwenyewe. Je, ikiwa ni barua ya mjane anayefuatilia mirathi, au ya kijana anayeomba nafasi ya chuo? Haki yake imefungiwa mlango na matangazo ya kikao cha mwaka juzi. Hapo israfu imegeuka dhulma.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimkanya Saad asifuje maji ya udhu, hata akiwa kando ya mto utiririkao. Mto usingekauka kwa udhu wa mtu mmoja. Kilicholindwa ni tabia ya mja.

Lakini tusitoke katika israfu tukaingia katika khiyana. Kumbukumbu za ofisi ya umma ni amana, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inazilinda. Mtumishi hazifuti apendavyo. Kinachofutwa ni nakala za ziada, salamu na matangazo yaliyopitwa na wakati.

Basi kabla ya kutuma, tujiulize ni nani mwenye haja. Tunapojibu, tumjibu anayehusika peke yake. Na kila mwisho wa juma tusafishe masanduku yetu, tusisahau kapu la taka, kwani kilichomo humo mara nyingi bado huhesabiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana, katika vinavyoonekana na visivyoonekana. Amin.

Wabillahi tawfiq.