Chakula cha Mchana kwa Haraka Kutoka Ghalani

  

Leo hebu tuanzie jikoni. Ni saa saba kasoro. Umetoka shambani au mtoni kuteka maji. Watoto wako njiani kutoka shule, wana njaa, na isyo inahitaji karibu saa tatu motoni. Utafanya nini? Wengi hupika chai, watoto wakala mkate au ugali mkavu. Tumbo hujaa, lakini mwili haupati wa kujenga damu.

Mama, chakula cha haraka unacho tayari ghalani. Ndengu hazisumbui. Zichague, zioshe, na kwa muda usiofika saa moja zimeiva. Ukiziloweka asubuhi kabla ya kwenda shambani, zitaiva upesi zaidi na kuni zitabaki. Maharagwe na mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, kisha umwage maji hayo na uchemshe kwa maji mapya.

Ukichemsha isyo jioni, chemsha ya kutosha na kesho mchana, bila nyanya wala kitunguu. Kesho utakaanga kiasi unachohitaji. Kama huna friji, funika vizuri, weka mahali penye baridi, na kabla ya kula chemsha hadi itokote. Ikianza kuchacha au kutoa povu, itupe. Aliye na friza anaweza kugawanya kwa vipimo vya mlo mmoja na kugandisha.

Usisahau majani ya kunde. Wakati wa mvua huwa mengi hata yanatupwa. Yakaushe kivulini, maana jua kali huharibu vitamini. Wakati wa kiangazi yaloweke kidogo kwa maji ya moto, yaoshe mchanga, uyapike na kitunguu na nyanya. Ugali ukiwa tayari, nayo yako tayari. Mpe mtoto kipande cha chungwa au embe baada ya kula, kwani matunda haya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika kunde na ndengu. Chai nayo ingoje saa moja hivi, kwa sababu huzuia madini hayo.

Sasa nisikilize kwa makini. Kuna siku gunia linakaribia kuisha, na chini yamebaki mahindi yenye ukungu. Mama anawaza, "Nitayaosha, nitayatwanga muthokoi, nitayachemsha sana." Tafadhali, usifanye hivyo. Ukungu huo unaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukoboa huipunguza tu.

Sisi watu wa huku hatuhitaji kuambiwa na mgeni. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hii, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Kwa hivyo chagua mahindi kabla ya kupika au kusaga. Ondoa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa ya mtoto. Lakini kumbuka, jicho halioni sumu yote. Kinga kubwa ni kukausha vizuri.

Mahindi yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo. Funga, tikisa, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiposhika, weka ghalani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta na paa linalovuja.

Ukiona mtu nyumbani ana macho ya manjano, anatapika, mkojo umekuwa mweusi, au tumbo na miguu imevimba, usingoje dawa ya mitishamba. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe kidogo cha mahindi mliyokula. Wengine wote waache kula mahindi hayo.

Najua kutupa chakula wakati wa njaa ni uchungu. Ukikwama, mweleze mhudumu wa afya wa kijiji au chifu mapema, ili msaada utafutwe. Usione aibu. Afadhali mtoto ashinde na uji wa mtama na ndengu kidogo kuliko kushiba sumu.

Leo jioni, kabla ya kulala, loweka ndengu zako, kisha ufungue gunia na uangalie hadi chini. Mwambie na jirani. Kwaherini hadi wiki ijayo.