Homoni za Kukoma Hedhi

Mwanamke aliyekoma hedhi, anayeamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, akitafuta dawa huambiwa achague: homoni za asili au za kiwandani. Msikilizaji, uchaguzi huo unampoteza.

Itazame Premarin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1942. Estrojeni zake hutolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, na baadhi yake hazipatikani kabisa mwilini mwa binadamu. Estradioli nayo, iliyo sawasawa na ile ya ovari, hutengenezwa maabarani kutokana na mimea kama soya.

Mwaka 2002 utafiti wa Women's Health Initiative ulisimamisha jaribio la estrojeni hizo za farasi pamoja na projestini, homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni ya mwili. Saratani ya matiti iliongezeka kwa takriban wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Wengi duniani wakaacha dawa kwa hofu, ingawa wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Hofu hiyo iliwaumiza wanawake wa miaka 50 waliohitaji nafuu.

Daktari aulizwe: homoni gani, kiasi gani, kwa njia gani? Estradioli ya kubandika ngozini inaonekana kuwa na hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko kidonge. Mwenye mfuko wa uzazi apewe pia projesteroni, la sivyo ukuta wa mfuko huo hunenepa na huweza kuzaa saratani. Ndiyo maana naogopa krimu za "asili" zinazouzwa bila kuthibitishwa na mamlaka ya dawa: mnunuzi hajui amepaka homoni kiasi gani.