Kurudi Nyumbani Baada ya Kiharusi: Ulizeni Kabla ya Kulipa



Mtu apatwapo na kiharusi, jamaa humkimbiza hospitalini, na ndivyo ipasavyo, kwani kila dakika inayopita huua sehemu ya ubongo. Leo, hata hivyo, napenda tuizungumzie siku isiyotajwa sana: siku ya kuruhusiwa. Jamaa humshukuru Mungu, hulipa deni, hupokea mfuko wa vidonge na kukodi teksi. Wengi hudhani tiba imekwisha. Kumbe nusu yake ndiyo kwanza inaanza.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini zile zilizo hai zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake. Mwalimu wao ni zoezi linalorudiwa: kuinuka kitini, kushika kikombe, kutamka jina la mtoto. Hii ndiyo huduma iitwayo utengamao. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi ya mwanzo, ingawa hayakomi hapo. Kwa hiyo mwezi uliopotea katika kungoja ni hasara isiyofidiwa kwa fedha.

Kabla hamjatoka wodini, ulizeni mambo manne, na ombeni majibu yaandikwe.

Kwanza, je, kumeza kwake kumepimwa? Mgonjwa anayepaliwa huweza kuingiza chakula mapafuni na kupata nimonia. Na ale akiwa ameketi wima. Akikohoa kila alapo, mrudisheni hospitalini.

Pili, nani atamsimamia mazoezi, wapi, mara ngapi kwa juma, na kwa gharama gani? Mwenye bima aulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa. Mkaao mbali semeni, ili mfundishwe mazoezi ya nyumbani na kupangiwa siku za marudio. Lakini msiachiwe mzigo peke yenu. Katika hospitali 14 za India, jamaa walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuwa bora kuliko ya huduma ya kawaida. Jamaa ni msaidizi wa mtaalamu, hawezi kushika nafasi yake.

Tatu, ainuliwe vipi? Ombeni mwonyeshwe, nanyi mjaribu mbele ya muuguzi. Msimvute kwa mkono uliolegea: bega huumia, na maumivu hayo humzuia kufanya mazoezi.

Nne, ni vidonge vipi vya kuendelea navyo, na kliniki ni lini? Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Kujisikia nafuu si ruhusa ya kuacha dawa, kwa maana kiharusi cha pili huweza kuja kimya kimya kama cha kwanza.

Mkishafika nyumbani, wauzaji nao watafika. Mmoja ataleta mafuta ya kuchua, mwingine mashine, wa tatu atasema mgonjwa amepigwa na upepo. Kuchuliwa kwaweza kumburudisha mtu, lakini hakuna cha kupaka kinachourudishia ubongo ulichopoteza. Anayewaahidi tarehe ya kupona, au anayetaka vidonge vya hospitali viachwe, msimpe fedha. Msiuze kiwanja kwa ajili ya ahadi. Hata kiti cha magurudumu msikinunue kabla mgonjwa hajapimwa, kwani kisichomfaa humletea vidonda. Na kila mlipapo, daini stakabadhi.

Mwisho, mwangalieni mgonjwa mwenyewe. Huzuni nzito baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa, nayo hutibika, mwelezeni daktari. Anayemwuguza naye apokewe zamu, asije akaanguka yeye. Tena, aliyepoteza usemi hajapoteza akili. Huenda anaelewa mengi kuliko mnavyodhani. Mnapojadili tiba yake na fedha zake, msimwache chumbani. Mwiteni aketi nanyi, mwulizeni maswali mafupi, kisha mngojeni ajibu, hata kama ni kwa kutikisa kichwa.