Kipimo cha Damu Kinachofichua Madhara ya Msuli wa Moyo
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kipimo kimoja cha damu ambacho wengi wetu hufanyiwa hospitalini bila ya kujua kinatafuta nini. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kupasha habari. Lakini habari hii ikichelewa kumfikia mtu, huenda roho ikapotea.

Moyo ni msuli unaolishwa kwa mishipa yake wenyewe. Mshipa mmojawapo ukizibwa na donge la damu, sehemu ya msuli hukosa chakula na hewa, ikaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Ndani ya msuli huo mna protini iitwayo troponini, inayousaidia moyo kujikaza na kujilegeza. Moyo ukiwa mzima, katika damu huonekana kiasi kidogo mno cha protini hiyo. Msuli ukijeruhiwa, huvuja na kuingia katika damu, na hapo maabara huigundua.

Hapo awali, tangu miaka ya 1950, matabibu walitegemea vimeng'enya ambavyo hutoka pia katika ini na misuli ya viungo; hivyo jawabu lilikuwa na utata. Kipimo cha troponini kilibuniwa katika miaka ya 1980, na mwaka 2000 jumuiya za wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani zilikifanya nguzo ya kutambulia mshtuko wa moyo.

Jambo la kuzingatiwa sana ni wakati. Kwa vipimo vya kawaida, troponini huanza kuonekana kiasi cha saa 3 hadi 4 baada ya maumivu kuanza, kisha hubaki katika damu kwa siku kadhaa. Damu ikitolewa mapema mno, jawabu huweza kuwa la salama hali msuli umekwisha kuanza kufa.

Tuchukue mfano wa karani aliyeamshwa na maumivu ya kifua saa 10 alfajiri. Saa 11 yumo hospitalini, damu yake yatolewa, na jawabu ni safi. Akiondoka kwa kuwa ana kazi ofisini, ameondoka na hatari yake. Akisubiri, akatolewa damu tena saa 2 asubuhi, ukweli huweza kudhihiri. Vipimo vipya vyenye uwezo mkubwa zaidi hurejewa baada ya saa 1 hadi 3 tu. Lakini kwa kawaida kurejea huhitajika, kwani tabibu hutazama iwapo kiwango kinapanda au kinashuka.

Aidha, troponini haisemi peke yake. Huweza kupanda kwa maradhi ya figo, uvimbe wa msuli wa moyo, au donge la damu katika pafu. Kwa hiyo husomwa pamoja na kipimo cha umeme wa moyo na maelezo ya mgonjwa. Kipimo cha umeme kikionesha wazi kwamba mshipa umeziba, tiba huanza bila ya kungoja maabara.

Haya si maradhi ya nchi za mbali. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, uliwapima kwa njia hizi wagonjwa wa maumivu ya kifua na kukosa pumzi, ukabaini kwamba wengi wenye mshtuko wa moyo hawakuwa wametambuliwa kuwa nao.

Basi, ndugu zangu, maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda hadi taya au kushuka mkononi, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi, yasiitwe kiungulia wala upepo mpaka tabibu ahakikishe. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, dalili huweza kuwa uchovu na kichefuchefu tu. Kumbuka saa maumivu yalipoanza, umwambie tabibu. Ukiambiwa usubiri damu ya pili, subiri. Si kila kituo cha afya kina kipimo hiki. Ukipelekwa hospitali kubwa, usiahirishe hadi kesho.

Nanyi wakuu wa kazi, mtumishi akilalamika kifua, mpeni ruhusa na mtu wa kumsindikiza. Jalada litangoja, moyo haungoji.