Garsen: Mto, Mji na Watu Wake

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wananchi, Kaunti Ndogo ya Tana Delta



Anayetoka Malindi kwenda kaskazini husafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuingia Garsen. Karibu na mji, pale Minjila, njia zinaachana: moja inaelekea Hola na Garissa, nyingine inakwenda Witu na Lamu. Wazee wanakumbuka zamani za kivuko, wakati magari yalipovushwa kwa chombo kilichovutwa kwa kamba, na mto ulipojaa abiria walilala hapo hapo wakingoja maji yapungue. Garsen ni mji uliozaliwa na mto. Anayetaka kujua kwa nini watu wako hapa na kwa nini wakati mwingine wamegombana, aanze na mto.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takribani kilomita 1,000. Unaanzia katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita kwenye mabwawa matano ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unakata nchi kavu ya Garissa, Bura na Hola hadi kumwaga maji baharini Kipini. Ndiyo maana mkazi wa Garsen anaweza kuona mafuriko mlangoni pake na mbingu ni nyeupe. Mvua imenyesha milimani siku nyingi kabla, na maji yanafika sasa.

Mafuriko hayo yana sura mbili. Mwaka 1961, na tena wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, yaliharibu mashamba na kukata barabara. El Niño ndiyo iliyobomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA katika delta. Mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024 barabara ya kwenda Lamu ilifunikwa na maji. Lakini maji hayo hayo huacha tope lenye rutuba, hujaza maziwa kama Shakababo na Bilisa, na huotesha nyasi ambazo hazipatikani kwingine wakati wa kiangazi. Mto usipofurika kabisa, mkulima, mvuvi na mfugaji wote hulia.

Mto huu pia huhama. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Maji yakafuata mfereji, na leo Tana inaingia baharini kwa njia ya Ozi, pale Kipini. Karibu na Garsen kwenyewe mkondo umebadilika zaidi ya mara moja, na vijiji vimehama pamoja nao.

Kandokando ya mto Wapokomo wamelima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kwa vizazi vingi. Waorma na Wardei wamefuga katika mbuga na kuteremka mtoni kiangazi kinapokaza. Wapo pia Wamunyoyaya, Wailwana, Wawata, Wabajuni wa upande wa Kipini, na wengine waliokuja kufanya biashara, kuvua au kufanya kazi wakabaki. Miaka ya 1880 wamishonari walifungua vituo Golbanti na Ngao, na usultani wa Witu ulikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani hadi ulipokabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1890. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wimbo wa taifa ulitungiwa sauti ya bembelezi ya Kipokomo. Kila Mkenya anaposimama kuuimba, anaimba sauti iliyotoka katika mto huu.

Sasa hesabu. Sensa ya 1999 ilipata watu 180,901 katika Tana River. Mwaka 2009 walikuwa 240,075, na mwaka 2019 walifika 315,943. Kwa miaka 20 idadi imeongezeka kwa karibu robo tatu. Kati ya hao wa 2019, watu 114,120 walihesabiwa Tana Delta, zaidi ya theluthi moja ya kaunti nzima. Ukigawanya wakazi wote kwa eneo la kaunti, unapata watu 8 tu kwa kila kilomita ya mraba.

Nambari hiyo ya 8 ni sahihi, lakini imewapoteza wengi. Mgeni akiiona husema hii ni ardhi tupu. Hivyo ndivyo delta ilivyotazamwa na waliokuja na ramani za mashamba makubwa ya miwa na mimea ya mafuta. Wasichokiona ni kwamba kipande kimoja cha ardhi kina wenyewe zaidi ya mmoja, kila mmoja kwa msimu wake. Maji yakijaa, mvuvi anatega kambare. Yakipungua, mkulima anapanda kwenye tope. Mavuno yakitoka na kiangazi kikaingia, ng'ombe wanafika, baadhi yao kutoka mbali sana, kula mabua na kunywa maji. Njia zao za kuteremkia mtoni zinaitwa malka. Malka ikizibwa na shamba, ng'ombe hupita shambani. Mazao yakiliwa, ugomvi umeanza.

Gharama ya ugomvi huo inajulikana. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vya delta, wakiwemo wanawake, watoto na maafisa wa polisi. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao ni majina yanayotajwa mpaka leo kwa sauti ya chini. Waliokufa walikuwa wakulima na wafugaji, na walikunywa maji ya mto mmoja.

Mwaka huo wa 2012 Delta ya Tana, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zinazotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi, na mpango huo ukatolewa baadaye. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kwa sheria hiyo, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Ikishasajiliwa, makubaliano na mwekezaji yanahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili ya wanajamii katika mkutano wao.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, yapo mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani. La kwanza, jamii ambayo haijasajili ardhi yake ianze sasa, na vijana na kina mama wawemo katika daftari. La pili, kabla ya kufungua shamba jipya ukingoni, wazee wa pande zote waonyeshane malka ziko wapi, na zibaki wazi. La tatu, tangazo la mafuriko likitolewa, familia zilizo bondeni zihamie mahali pa juu mapema, hata kama hapa mvua haijanyesha.

Watu wataendelea kuongezeka, na mto hautaongezeka. Aliye juu ya mkondo na aliye chini, mwenye jembe na mwenye fimbo, wote watarudi jioni kuteka maji pale pale.